Wakaguzi wa mazingira wakija saiti: maswali yenu kutoka Dodoma

Mbukwenyi wasomaji wangu. Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Dodoma na sishangai, maana tangu serikali iamue kuhamia huko 2016 na Dodoma ikatangazwa jiji 2018, kila ukigeuka ni uzio wa bati na kijiko kinachimba, uende Mtumba, Ihumwa, Nala, Iyumbu, Nzuguni, na hapo sijagusa ile barabara ya mzunguko yenye kilomita 112.3 wala uwanja wa ndege wa Msalato. Nimechagua barua chache, zile ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo kaka. Mimi ni binti nimemaliza chuo, nimeajiriwa na kampuni ya ujenzi kama afisa mazingira na usalama, saiti yetu iko upande wa Mtumba. Natakiwa kila siku nizunguke na fomu ya ukaguzi ila tangu mwezi wa pili bosi ananituma mambo mengine, mara kufuata nondo, mara kukaa stoo, kwahiyo fomu hazijajazwa. Sasa tumepata barua kwamba wakaguzi wanakuja wiki ijayo na projekti meneja kaniambia nikae usiku mmoja nijaze zote za nyuma niandike kila kitu kipo sawa. Nakataaje na kazi nilivyoitafuta kwa shida? — Afisa mpya, Mtumba

Marahaba mdogo wangu. Usijaze. Nakwambia hivyo mwanzoni kabisa ili hata usiposoma mpaka mwisho hilo uwe nalo.

Kwanza ile saini chini ya fomu ni ya kwako, sio ya projekti meneja. Siku mambo yakiharibika, labda dizeli imefika kwenye kisima cha watu au kibarua kafukiwa na udongo shimoni, fomu zitafunguliwa na atakayeulizwa ni yule aliyeandika "sawa". Kutoa taarifa za uongo kwenye mambo haya ni kosa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kusema nilitumwa na bosi hakutakutoa.

Pili watakugundua. Mtu aliyekagua saiti nyingi anazijua fomu za usiku mmoja hata kabla hajazisoma. Wino ni ule ule kuanzia februari mpaka leo, mwandiko haujabadilika hata siku moja, karatasi zimenyooka na ni nyeupe kama zimetoka kwenye rimu asubuhi hiyo, wakati kwenye saiti ya kweli fomu zina alama za vidole vyenye saruji, kuna siku kalamu iliisha wino ukamalizia na nyekundu, kuna siku mvua ilikukuta ukaandika nusu. Afu hataishia kwenye fomu. Ataomba daftari la getini na kitabu cha mafuta, ataona tarehe fulani boza lilikuwa gereji siku nzima na fomu yako inasema barabara ilimwagiwa maji asubuhi na mchana. Atachagua siku iliyonyesha mvua kubwa, fomu inasema mitaro ipo safi hakuna tope lililotoka nje, na yeye wakati anaingia kaliona hilo tope limekauka nje ya uzio mpaka barabarani. Akishakamata moja ya hivyo, hata zile fomu chache ulizojaza kweli haziaminiki tena.

Tatu, na hili ndo linaniuma zaidi kuliko hayo mengine, fomu ya kila siku haikutungwa kwa ajili ya mgeni. Saiti inabadilika kila siku, leo panachimbwa msingi, kesho panamwagwa zege, keshokutwa fundi rangi anaosha brashi pembeni ya mtaro. Mkaguzi kutoka nje atakuja mara chache na akija anaona siku moja tu, siku zingine zote mwenye macho ni wewe. Ukiandika "sawa" bila kwenda kuangalia, hamna mtu mwingine yeyote aliyeangalia siku hiyo.

Sasa ufanyeje. Andika ukurasa mmoja wa ukweli, kwamba kuanzia tarehe fulani mpaka fulani ukaguzi wa kila siku haukufanyika kwa sababu afisa alipangiwa kazi nyingine, na kuanzia leo umeanza upya. Uweke kwenye faili mbele ya pengo lenyewe. Pengo lililoelezwa linaweza kukuletea onyo au sharti la kurekebisha ndani ya muda fulani, uongo ukigundulika unaivuta kampuni nzima. Halafu kusanya ushahidi ambao tayari upo, na mara nyingi upo mwingi kuliko mtu anavyodhani, risiti za maji ya boza, risiti za dampo, mahudhurio ya kile kikao cha asubuhi cha usalama, barua za kuagiza barakoa na buti, picha kwenye simu za mafundi maana mafundi wanapenda kupiga picha wakimaliza kumwaga zege na simu inatunza tarehe. Hivyo vyote havijazi fomu ila vinaonyesha kazi gani ilifanyika.

Na leo hii, sio kesho, zunguka saiti kweli kweli. Anza getini, maliza getini, pita njia ile ile kila siku ili jicho lizoee na likamate kilichobadilika. Ukikuta tatizo liandike kama lilivyo, piga picha, taja nani anarekebisha na lini, akirekebisha piga tena. Mkaguzi mzoefu akikuta fomu zimejaa "sawa, sawa, sawa" anaanza kutilia shaka, akikuta fomu inasema pipa la oili chafu limevuja jumanne na picha ya jumatano inaonyesha udongo umeshakwanguliwa, anajua hapa kuna mtu anafanya kazi.

Kwa bosi nenda na suluhisho mkononi, usiende na lawama. Mwambie bosi nimeona tukijaza hizi za nyuma tutajiingiza pabaya kama kampuni, nimeandaa hii barua ya maelezo na hii ratiba, naomba masaa mawili ya asubuhi yawe ya ukaguzi tu nisitumwe stoo. Kisha umtumie na kwa maandishi, kwa heshima, hata kwa WhatsApp. Wengi wanaelewa wakiona umewawekea njia ya kutokea. Akikataa kabisa, nakala ya ule ujumbe itunze na daftari lako binafsi la kila siku liendelee. Najua kazi ni ngumu kupatikana mdogo wangu, siongei kirahisi, ila cheti chako na jina lako bado vina miaka mingi mbele.

Habari ya kazi mkuu. Mimi ni foremani. Hivi hawa watu wa mazingira huwa wanaangalia nini hasa? Na wana haki ya kuingia tu bila taarifa? Nauliza kwa sababu kuna jamaa alikuja akasema katoka mazingira, akazunguka dakika kumi, akasema faini na anataka keshi. — Foremani, Ilazo

Salama foremani. Nianze na huyo jamaa. Mkaguzi wa mazingira ametajwa kwenye sheria ya 2004, ana mamlaka ya kuingia eneo la kazi kwa muda unaofaa hata bila kukutumia barua kabla, kuuliza maswali, kuona nyaraka, kuchukua sampuli na kupiga picha. Kumzuia getini ni kosa, msiwaagize walinzi wafunge geti. Lakini na wewe una haki ya kuomba kitambulisho chake, kujua ametoka ofisi gani, na kuandika jina lake kwenye daftari la wageni, mkaguzi wa kweli hawezi kuchukia hilo. Hela ya serikali inalipwa kwa kontro namba, benki au kwa simu, na risiti inatoka. Mtu anayetaka keshi mkononi pale pale saiti usimpe hata mia, mwambie aache maandishi, kisha mpigie mwajiri wako na ulizeni ofisi za NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, Kanda ya Kati au Jiji kama wana mtu wao huyo.

Sasa wanachoangalia. Wataanza mezani: cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kama mradi wenu ni wa aina inayohitaji, mpango wa usimamizi wa mazingira, ripoti za ufuatiliaji, usajili wa eneo la kazi OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), vibali vya wanaowaletea mchanga na kokoto, na mtu anayewabebea taka anazipeleka wapi. Hapo kwenye cheti ndo saiti nyingi zinajikwaa. Ukurasa wa kwanza wenye muhuri unawekewa fremu ofisini, ila masharti yaliyoambatana nao yapo kwenye droo ya klaienti na foremani hajawahi kuyaona. Foremani wangu, omba hayo masharti leo. Yasome na mafundi wako kwa kiswahili, moja moja, muulizane hili nani analifanya. Mkaguzi anaweza kumuuliza saidia fundi yeyote "taka za hapa mnapeleka wapi" na jibu la saidia fundi lina uzito kuliko faili zima.

Wakitoka mezani wanatembea, na hapa Dodoma kuna vitu vitatu vinavyokamata watu.

Cha kwanza mafuta. Jenereta na pipa la dizeli vikiwa juu ya udongo mtupu angalia chini yake, pale penye weusi ndo pa kuanzia. Weka sakafu ya zege yenye ukuta mfupi pande zote unaoweza kubeba mafuta yote ya tanki likipasuka na zaidi kidogo, wengi wanapiga hesabu ya asilimia 110 ya ujazo wa tanki. Paa juu, kwa sababu mvua ikijaza humo ndani kizuizi hakina kazi tena. Ndoo ya mchanga mkavu na koleo pembeni, na mtu anayejua kwamba mafuta yakimwagika unafukia mchanga, unakwangua, unaweka kwenye pipa lenye mfuniko, hupigi maji. Kupiga maji ni kuyasukuma yaende kwa jirani.

Cha pili maji ya kuoshea mashine ya zege na toroli. Watu wanayaona kama maji machafu ya kawaida lakini maji ya saruji ni makali sana, pH yake, kile kipimo cha tindikali na alkali, inafika 12 au zaidi, yanaunguza ngozi na yakifika kwenye maji yenye samaki yanaua. Chimba shimo, tandika nailoni nzito, oshea humo humo, maji yakikauka kile kigumu kilichobaki kinavunjwa kinatumika kujazia chini ya sakafu. Kazi ya nusu siku hiyo.

Cha tatu ni tope, na hapa naomba nikae kidogo. Udongo wetu ukishakwanguliwa majani haushikani. Kiangazi chote saiti inaonekana haina shida, ikija ile mvua ya kwanza kubwa ya desemba inashuka yote kwa saa moja na udongo wote uliorundika pembeni unaondoka nayo kuingia korongoni. Makorongo mengi ya upande wa jiji yanapeleka maji mto Kinyasungwe mdogo na kule chini kuna bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, ambalo kwa miaka yote hii limekuwa likijaa mchanga na tope na kina kinapungua huku watu wanalitegemea kwa samaki na kilimo. Sisemi saiti yako ndo imelijaza, mashamba na mifugo vimechangia sana, ila kila rundo la kifusi lililoachwa mdomoni mwa korongo linaongeza. Wazee wa Kondoa wanaijua hii habari kuliko sisi, kule mmomonyoko ulifika mahali serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipone. Ardhi iliyokwenda hairudi kwa bajeti ya mradi mmoja.

Kwahiyo kabla ya novemba kuisha: rundo la udongo lisikae karibu na mtaro wala korongo, lifunikwe au lizungushiwe viroba vya mchanga. Chimba mtaro wa kuzuia maji ya juu yasiingie saiti, na kule chini pa kutokea weka shimo la kutuliza tope ili maji yatoke udongo ukibaki, na hilo shimo lizolewe, maana likijaa halifanyi kazi yoyote. Getini mwaga kokoto kubwa angalau urefu wa tipa zima ili magurudumu yaache tope ndani. Na kumbuka sheria ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwahiyo hata stoo ya saruji usiiweke pale kisa pana kivuli.

Ndugu mwandishi, mimi ni mama wa watoto watatu, mdogo ana pumu. Jirani yetu kunajengwa jengo kubwa, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, usiku wanavunja mawe. Nimeenda kwa foremani akaniambia mama maendeleo hayana budi. Siku hizi wanamwaga oili chafu barabarani eti inatuliza vumbi. Nianzie wapi? — Mama, Iyumbu

Pole sana mama yangu. Jibu la huyo foremani halikubaliki, sheria ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuishi kwenye mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa pia haki ya kwenda kudai mahakamani, kwahiyo usijione msumbufu.

Kwanza hilo la oili chafu wazime leo. Oili iliyotumika kwenye injini ina vyuma na kemikali, inashuka na mvua, watoto wanaikanyaga wanaingia nayo ndani, na vumbi lenyewe likirudi linarudi limebeba oili. Ni uchafuzi wa wazi na ni ushahidi rahisi kupiga picha. Piga picha asubuhi kabla magari hayajapita, pata na alama ya kudumu kwenye picha, nguzo au kona ya nyumba, ili pajulikane ni wapi.

Kwenye vumbi, chukua daftari la shule la mwanao. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, wanafanya nini, na mtoto alikuwaje siku hiyo, kama ulienda zahanati weka karatasi ya zahanati. Wiki mbili za kuandika hivyo zina nguvu kuliko kelele za miezi. Vumbi la mawe ya hapa sio la kudharau mama, mawe yetu mengi ni graniti na graniti ina kwazi, madini yenye silika, ndani yake, likisagwa linatoa chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, mafundi wanaokata na kuponda mawe bila kinga miaka mingi wanaweza kupata silikosisi na huo ugonjwa hauna dawa ya kuuponya. Kwahiyo unapolalamika unawasemea na wale vijana walioko ndani ya uzio bila barakoa.

Kuhusu kelele, tuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Kuvunja mawe usiku karibu na makazi sio uamuzi wa foremani peke yake.

Njia yako ni hii. Uliza saiti kama wana kitabu cha malalamiko, miradi mikubwa hasa ile inayojengwa kwa mkopo wa benki za maendeleo inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea na kujibu malalamiko ya majirani, andika humo na piga picha ulichoandika. Kisha mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kwa barua sio kwa mdomo, na ukiweza nenda na majirani wawili watatu maana sauti ya mtaa inasikika. Kutoka hapo afisa mazingira wa Jiji, na nakala NEMC Kanda ya Kati. Kwenye barua usiishie kusema tunateseka, omba vitu vinavyotendeka: uzio upandishwe upande wa makazi, tipa zifunikwe turubai na zipite taratibu, barabara ya saiti imwagwe moramu na ishindiliwe, msumeno wa mawe utumie maji, kazi za kelele ziwe mchana. Najua watasema Dodoma maji ni ya shida, ni kweli, ndo maana nimetaja moramu, turubai na spidi kabla ya boza, hivyo vitatu havinywi maji.

Naomba kuuliza, najenga nyumba yangu ya kuishi vyumba vitatu huko Nkuhungu, je na mimi natakiwa cheti cha NEMC? Afu mchanga nanunua kwa vijana wanaochota korongoni, kuna shida? — Mjenzi mdogo

Nyumba ya kawaida ya kuishi familia haipitii ile tathmini kubwa, wewe unachohitaji ni kibali cha ujenzi kutoka Jiji na kufuata masharti yake. Ila ukibadilisha mawazo ukataka iwe lodji, apatimenti za ghorofa, godauni au kituo cha mafuta, usichimbe hata msingi kabla hujauliza NEMC mradi wako unaangukia kundi gani, kwa sababu miradi imegawanywa kwa ukubwa wa athari na kila kundi lina njia yake. Kuanza kabla ya cheti ndo kosa linalowagharimu watu zaidi, jengo limefika linta ndo mtu anatafuta konsaltanti.

Mchanga una shida, ndio. Mchanga, kokoto na moramu kwa sheria yetu ni madini ya ujenzi, anayechimba anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2010 na kulipa mrabaha, na Tume ya Madini makao yake yapo hapo hapo Dodoma. Nunua kwa mwenye leseni, dai risiti. Vijana wale nawaelewa, wanatafuta ridhiki, lakini ukienda pale wanapochota utaona korongo lilivyokula kingo zake mpaka mizizi ya miti ipo hewani na nyumba za pembeni zinasogelewa kila masika.

Tumepewa kazi ya kuvunja nyumba ya zamani ya ofisi fulani, paa lake ni lile la asbesto. Bosi anasema tupige nyundo tushushe haraka. Ni kweli ni hatari? — Fundi, Dodoma mjini

Ni hatari kweli na msipige nyundo. Paa likiwa zima limetulia halina vurugu sana, hatari inaanza likivunjwa au kukatwa, vinatoka vinyuzi ambavyo huvioni, ukivivuta vinakaa kwenye mapafu na vinaweza kuleta saratani miaka ishirini au thelathini baadaye, wakati huo bosi hutajua hata alipo. Taka za asbesto ni taka hatarishi, anayezishughulikia na anayezisafirisha anahitaji kibali, na haziendi kutupwa na kifusi kingine. Simamisheni kazi, bosi awasiliane na NEMC na OSHA kwanza. Ikifika siku ya kushusha, paa linalowanishwa maji, misumari na boliti zinafunguliwa taratibu, karatasi inashushwa nzima kwa mikono, inafungwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa. Barakoa ya kitambaa haitoshi kabisa, inatakiwa ile yenye chujio maalum. Na ovaroli msirudi nazo nyumbani kwa wake zenu kufua.

Kaka sisi ni akina mama tunaobeba maji na kokoto saiti moja Nzuguni, tupo kama kumi na wawili. Choo ni kimoja cha mabati, mlango ni kiroba, tunatumia na wanaume. Tukisema tunaambiwa hii ni saiti sio hoteli. Hili nalo ni mazingira? — Mama kokoto

Ni mazingira, ni afya na ni usalama, na nimefurahi umeandika dada yangu kwa sababu hili huwa halifiki kwenye ripoti. Nimesoma ripoti nyingi zenye kurasa za kelele na vumbi na kwenye choo pameandikwa "kipo". Kipo ni nini? Kina mlango? Kina komeo la ndani? Kina maji na sabuni? Shimo lipo mbali na kisima? Mama akiwa kwenye siku zake anaenda wapi? Mwanamke anayeshinda hanywi maji kuanzia asubuhi ili asiingie kwenye kile choo, kwenye jua la Dodoma, huyo anaumwa kwa sababu ya saiti na hakuna daftari la ajali litakaloandika hivyo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke vyoo na sehemu za kunawia zinazotosha na zinazotenganisha wanawake na wanaume. Chagueni wawili kati yenu waende kwa afisa usalama wa saiti, wamwambie mnataka choo cha wanawake chenye mlango wa kufunga kwa ndani, ndoo ya maji yenye koki, sabuni, na pipa lenye mfuniko. Mwambieni aandike kwenye fomu ya siku hiyo, na mwombeni awaonyeshe alipoandika. Mabati na mbao za kujengea choo zipo pale pale saiti, fundi mmoja na msaidizi wanamaliza siku moja. Wiki ikiisha hamna kilichofanyika, nendeni ofisi ya OSHA hapo mjini na mwombe jina la anayelalamika lisitajwe. Siku wakaguzi wakija, mmoja wenu asimame awaonyeshe njia ya chooni.